Dipoziti ya kontena imezuiliwa na wakala wa meli: je, Mahakama ya Madai Madogo ya Mombasa yaweza kunisaidia?

Muuza Vigae, Kongowea

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa sheria na wa mambo ya bandari, kwa kuwa jambo hili limenikaa moyoni na sitaki kulipeleka mahakamani kwa hasira kabla sijajua ninakoelekea.

Mimi huagiza vigae vya sakafu kutoka China. Kontena langu la mwisho, la futi 40, liliteremshwa bandari ya Kilindini kwa jina la duka langu, na kabla sijaruhusiwa kulitoa, wakala wa kampuni ya meli hapa mjini alinitaka niweke dipoziti ya shilingi 200,000 kuwa dhamana ya kontena lao. Nililipa kupitia benki nikapewa stakabadhi yenye jina la wakala huyo. Tulitia sahihi karatasi inayosema kwamba nitarudishiwa fedha zote iwapo kontena tupu litarejeshwa katika dipo (uwanja wa kuwekea makontena matupu) watakalolitaja wao, ndani ya siku za bure, yaani siku ambazo mtu hukaa na kontena bila kutozwa, likiwa halina uharibifu unaozidi uchakavu wa kawaida.

Lori lilifika kwenye lango la dipo walilolitaja kabla muda haujakwisha. Dereva akaambiwa kuwa uwanja umejaa na kwamba asubiri, basi akapanga foleni nyuma ya malori mengine yaliyokuwa yamelala pale nje, na zamu yake ilipofika siku za bure zilikuwa zimeshapita. Kontena lilikaguliwa, likapokewa, na dereva akapewa karatasi ya intachenji, yaani karatasi ya makabidhiano inayoandikwa hali ya kontena. Karatasi hiyo ninayo, na haina hata alama moja ya uharibifu.

Nilipoandika kuomba dipoziti yangu, wakala alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniletea hesabu: dimareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, ya siku zilizozidi, pamoja na gharama ya kuziba tundu la paa na kubadilisha mbao za sakafu, jumla shilingi 145,000. Shilingi 55,000 zilizobaki wako tayari kunilipa, ila kwa sharti la kutia sahihi barua ya kukiri kwamba sina dai lingine lolote dhidi yao. Sijaitia sahihi.

Sasa nasikia mengi. Binamu yangu ananiambia kwamba kesi yoyote inayohusu meli husikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, na kwamba gharama ya wakili itameza fedha ninazozidai. Rafiki mwingine amenionyesha maandishi madogo nyuma ya hati ya shehena (ile karatasi ya kampuni ya meli ya kusafirisha mzigo, bill of lading) yanayosema kwamba mizozo yote itaamuliwa na mahakama ya nchi ya ng'ambo. Ajenti wangu wa forodha naye ananisihi niyaache, kwa hofu kwamba kontena langu lijalo litacheleweshwa makusudi. Mimi siwezi kuyaacha. Shilingi 145,000 kwa duka la ukubwa wangu ni mtaji, na isitoshe najua waagizaji wengine wadogo hapa Kongowea ambao wamekatwa namna hii hii wakanyamaza kwa sababu kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Naomba kuelezwa: je, Mahakama ya Madai Madogo ina mamlaka juu ya dai langu, nimshtaki nani hasa, na nijiandae vipi iwapo nitasimama mwenyewe bila wakili?

Karani wa Mawakili, Tononoka

Waaleikum salaam, ndugu Muuza Vigae. Umefanya vyema sana kutoitia sahihi barua ile, kwani mtu akishakiri kwa maandishi kwamba amelipwa na hana dai zaidi, mahakama huwa haina njia rahisi ya kumsaidia hata kama alionewa. Nimefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili kwa miaka mingi na nimeandaa hati za madai ya aina hii, kwa hiyo nitakueleza nilivyoielewa sheria, nawe ukiweza umpe wakili mmoja asome karatasi zako japo kwa saa moja kabla ya kufungua shauri.

Mahakama hii imeundwa na Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo, Nambari 2 ya mwaka 2016, ingawa ilianza kazi Nairobi mwaka 2021 na baadaye ikafika kwetu Mombasa. Mwanzoni kikomo chake kilikuwa shilingi 200,000, lakini marekebisho ya mwaka 2020 yalikipandisha hadi shilingi 1,000,000, kwa hiyo kwa upande wa kiasi huna shaka yoyote. Shaka iko kwenye aina ya dai, na hapo ndipo ninapokuomba uwe makini kuliko mahali pengine popote. Kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyasikiliza: mikataba ya kuuziana na kupeana bidhaa au huduma, mikataba kuhusu fedha zilizopokelewa na kushikiliwa, hasara au uharibifu wa mali, kurudishiwa mali inayohamishika, na fidia ya majeraha ya mwili. Dai lako limo humo waziwazi, kwa sababu dipoziti ni fedha zilizopokelewa na mtu na kushikiliwa kwa sharti maalumu, na wewe unasema sharti hilo limetimizwa.

Binamu yako hakukosea kabisa. Sheria ya Mamlaka ya Mahakama, Sura ya 8, inaipa Mahakama Kuu mamlaka ya mashauri ya bahari, na mashauri hayo yanahusu mambo kama kuzuiliwa kwa meli yenyewe, kugongana kwa meli, na madai yanayotokana na mkataba wa kusafirisha shehena kwa meli. Mdai akiandika hati yake akaanza kusimulia safari ya meli, kuchelewa kwa shehena njiani na masharti ya hati ya shehena, basi amempa wakili wa upande wa pili pingamizi la kwanza bila jasho. Wewe hulalamikii safari. Vigae vyako vilifika, ukavichukua, mkataba wa usafirishaji ukaisha. Unachokidai ni fedha ulizoweka hapa Mombasa kwa karatasi nyingine, uliyotia sahihi hapa Mombasa na kampuni iliyosajiliwa Kenya, juu ya kontena lililorudishwa Mombasa. Hati yako ya madai iseme hayo na isiseme zaidi ya hayo.

Kuhusu mahakama ya ng'ambo, kwa kawaida mahakama za Kenya huheshimu makubaliano ya namna hiyo isipokuwa kama kuna sababu nzito ya kuyaweka kando. Kwa hiyo usiyapuuze, ila isome vizuri ile karatasi ya dipoziti uone kama inasema yenyewe kwamba masharti ya hati ya shehena yanaingizwa ndani yake. Kama haisemi, una hoja nzuri kwamba kifungu kile cha nyuma hakiigusi. Kama inasema, mpelekee wakili kabla ya kulipa ada ya kufungua shauri.

Hoja ya tatu ambayo wataileta ni uwakala. Watasema kwamba wao ni wakala tu wa kampuni ya meli iliyoko ng'ambo, na kwamba kisheria wakala aliyemtaja bosi wake hashtakiwi kwa mkataba wa bosi huyo. Kanuni hiyo ipo na mahakama zetu huifuata. Ndiyo maana stakabadhi yako ina thamani kubwa: kama fedha ziliingia katika akaunti ya wakala, stakabadhi imetolewa kwa jina la wakala, na hesabu ya makato imeandikwa kwenye karatasi yenye kichwa cha wakala, basi yeye ndiye aliyepokea na ndiye anayezishikilia. Tazama pia ni nani aliyetia sahihi ile karatasi ya dipoziti, na kama alitia sahihi kwa niaba yake mwenyewe au kwa niaba ya kampuni ya meli.

Kuhusu dimareji, kumbuka kwamba wao ndio waliolitaja dipo. Mtu hawezi kukupa mlango mmoja wa kuingilia, akaufunga, kisha akakutoza kwa kuchelewa kuingia. Lakini mahakama haitalijua hilo kwa kuambiwa tu. Tafuta ujumbe ambao dereva alikutumia akiwa kwenye foleni, daftari la kampuni ya lori, na ikiwezekana maelezo ya dereva mwenyewe yaliyotiwa sahihi.

Bi Mkubwa wa Likoni

Mwanangu Muuza Vigae, mimi si mtu wa sheria ila nimesimama mbele ya mahakama hiyo mwenyewe, kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona.

Binti yangu anayeishi Uingereza alinitumia masanduku ya vyombo vya jikoni kwa kampuni inayokusanya mizigo ya watu wengi na kuijaza katika kontena moja. Masanduku mawili yalifika yameloa na vilivyokuwamo vimeharibika, na jingine halikufika kabisa. Kampuni ilinizungusha kwa maneno mazuri. Kila nilipokwenda ofisini kwao nilikaribishwa kiti, nikaambiwa kwamba mhusika amesafiri.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba jina lililoandikwa juu ya mlango wa ofisi halikuwa jina la kampuni. Kijana wangu alitafuta katika orodha ya kampuni kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, akapata jina kamili lililosajiliwa, wakurugenzi na anwani. Kama ningefungua shauri dhidi ya lile jina la mlangoni, hata nikishinda ningekuwa nimemshinda mtu asiyekuwepo. Basi nawe usitegemee kichwa cha barua zao, hakikisha.

Shauri lilifunguliwa kwa njia ya mtandao wa mahakama, ada ikalipwa kwa simu. Asiyejua kompyuta anaweza kusaidiwa, na mimi nilisaidiwa kwa heshima na watumishi wa pale mahakamani. Niliambatanisha orodha ya vitu ambayo binti yangu aliiandika alipokuwa anafunga masanduku, stakabadhi ya malipo, picha za masanduku yakiwa bado hayajafunguliwa, na picha za vilivyokuwamo. Picha hizo zilipigwa kwa simu, na niliambiwa niandike pia cheti kifupi kinachoeleza ni simu gani iliyozipiga, nani aliyezipiga na zilichapishwa vipi. Mwanangu, usiliache hilo. Upande wa pili walianza kuzipinga zile picha, na cheti hicho ndicho kilichowanyamazisha.

Siku ya kusikilizwa nilizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na mwamuzi alinifuata vizuri. Hakunidai vifungu vya sheria. Aliniuliza nini kilitokea, lini, na karatasi ya kuthibitisha iko wapi, na kila nilipotaja jambo nilimwonyesha ukurasa wake kwa kuwa nilikuwa nimezipa karatasi zote nambari. Kampuni ilimtuma kijana wa ofisini ambaye, maskini, hakuwahi kuliona sanduku hata moja na hakuweza kujibu lolote. Mwamuzi alitupa nafasi ya kuzungumza, tukakubaliana kiasi ambacho kilikuwa karibu na nilichokidai, walipe kwa awamu mbili. Niliomba makubaliano yale yaandikwe kuwa amri ya mahakama, kwa sababu ahadi ya maneno matupu nilikuwa nimeshaionja. Wamelipa.

Karani wa Mawakili, Tononoka

Shukrani, Bi Mkubwa. Cheti ulichokitaja kinatokana na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Ni kweli kwamba Mahakama ya Madai Madogo haifungwi na kanuni kali za ushahidi, lakini kukiambatanisha ni kumnyima mpinzani nafasi ya kupoteza muda wa mahakama.

Naongeza tahadhari moja kwa wasomaji ambao shauri lao linafanana na la Bi Mkubwa kuliko la Muuza Vigae. Anayedai shehena iliyopotea au kuharibika kwa njia ya bahari asikae akisubiri ahadi, kwa sababu hati nyingi za shehena, zikifuata kanuni za Hague za mwaka 1924, huweka muda wa mwaka mmoja tu tangu shehena ilipopokewa au ilipopasa kupokewa. Dai la kawaida la mkataba lina miaka sita. Tofauti ya mwaka mmoja na miaka sita imewapokonya watu haki zao wakiwa bado wanaandikiana barua za upole. Na kama uharibifu ulitokea mikononi mwa Mamlaka ya Bandari yenyewe, sheria inayoiunda inataka ipewe notisi ya maandishi ya siku 30 kabla ya kushtakiwa, na shauri lifunguliwe ndani ya miezi 12.

Mkaguzi wa Makontena, Changamwe

Ndugu zangu, nimesoma yote na nimeona nichangie kwa upande wa kazi yangu, maana nimekagua makontena tupu kwa miaka mingi na naifahamu karatasi hiyo ya intachenji kuliko ninavyoifahamu karatasi nyingine yoyote.

Kontena tupu likifika langoni halipokewi kwa kutazamwa kutoka mbali. Mkaguzi hulizunguka pande zote, huangalia nguzo za pembe, milango, vyuma vya kufungia na mpira wa kuzuia maji, kisha huingia ndani. Akiwa ndani hutazama mbao za sakafu kama zimevunjika, kama zimeloa mafuta au kama misumari imejitokeza. Halafu mwenzake humfungia milango. Ndani huwa giza totoro, na kama paa au ukuta una tundu, hata la ukubwa wa punje ya mtama, mwanga wa jua hupenya na kuonekana kama cheche. Tundu la paa ambalo linahitaji kuzibwa kwa kuchomelea bati haliwezi kumpita mtu aliyesimama katika giza hilo mchana wa Changamwe.

Kila kasoro huandikwa juu ya mchoro wa kontena uliomo katika karatasi, kwa herufi inayoonyesha kama ni bonde, tundu, mkato au mvunjiko, mahali pake hasa. Baadaye dereva na mkaguzi hutia sahihi. Kwa hiyo mchoro usio na alama, wenye sahihi ya mkaguzi wa dipo, ni maneno ya upande wao wenyewe kwamba kontena lilipokewa likiwa zima. Muuza Vigae, ilinde nakala yako halisi. Usiipeleke ofisini kwao, wapelekee nakala.

Sasa tazama mambo mawili. Kwanza, nambari ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Ilinganishe nambari iliyo katika hati ya shehena, stakabadhi ya dipoziti, intachenji na ile hesabu ya ukarabati waliyokuletea. Nimewahi kuona hesabu za ukarabati zilizobandikwa kwa mtu asiyehusika kwa sababu tarakimu moja ilibadilika. Itazame pia tarehe ya makadirio ya ukarabati. Kama yaliandikwa muda mrefu baada ya intachenji, kontena lilikuwa mikononi mwa nani wakati huo wote?

Pili, na hili wengi hawalijui, kampuni kubwa za meli huwa na ukurasa wa wazi katika tovuti zao ambapo mtu yeyote akiandika nambari ya kontena huonyeshwa mienendo yake: lilipokewa lini, lilitoka lini, lilikwenda wapi. Ingia leo, uchapishe ukurasa huo kabla kumbukumbu hazijafutwa. Ukikuta kwamba kontena lako lilitolewa dipo likiwa tupu siku chache baada ya kulirudisha, kwenda kupakiwa bidhaa za kusafirishwa nje, basi waulize lilikarabatiwa lini. Makontena mengi ya Mombasa hurudi ng'ambo na chai au kahawa, na hakuna mpakiaji wa chai atakayekubali kontena lenye tundu la paa au sakafu iliyovunjika, kwa kuwa chai ikiguswa na unyevu imekwisha.

Inaniuma kuona kazi yetu ya ukaguzi, ambayo vijana huifanya juani kutwa nzima kwa uaminifu, inapuuzwa na mtu aliyekaa ofisini akaandika uharibifu ambao hakuuona.

Muuza Vigae, Kongowea

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Nimefuata ushauri wa Mkaguzi na nimekuta kwamba kontena lilitoka dipo kwenda kwa msafirishaji wa bidhaa za nje kabla ya tarehe iliyoandikwa katika makadirio yao ya ukarabati. Nimeuchapisha ukurasa ule. Nimesoma pia karatasi ya dipoziti neno kwa neno: haitaji hati ya shehena popote, na sahihi ni ya meneja wa wakala, kwa jina la wakala.

Yamebaki maswali machache. Je, wanaweza kunigeuzia kibao wakanidai mimi? Shauri huchukua muda gani? Nikishinda wakakataa kulipa, nifanye nini? Na hofu ya ajenti wangu, kwamba kontena lijalo litacheleweshwa, je, kuna mahali pa kuipeleka? Duka siku nyingi huendeshwa na mke wangu, naye ndiye aliyelipa dipoziti benki. Je, anaweza kusimama kwa niaba yangu?

Karani wa Mawakili, Tononoka

Hongera, ndugu yangu. Ukurasa huo umebadilisha sura ya shauri lako, kwa sababu sasa makato ya ukarabati yanapingwa na kumbukumbu zao wenyewe.

Wanaweza kuleta madai kinzani, na sheria inairuhusu mahakama kuyasikiliza pamoja na lako. Usiogope. Kwa mujibu wa kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi, anayedai kuwapo kwa jambo ndiye anayelazimika kulithibitisha, kwa hiyo tundu la paa ni mzigo wao. Watahitaji kuleta picha, risiti ya fundi na mtu aliyeliona.

Kuhusu muda, kifungu cha 34 cha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo kinataka shauri lisikilizwe siku baada ya siku hadi liishe, na liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lilipofunguliwa. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu hatima ya hukumu inayotolewa baada ya siku hizo, na baadhi yao wameifuta kabisa. Kwa sababu hiyo wewe kama mdai usiombe kuahirishwa hata mara moja kama unaweza kuepuka, na kila ombi la upande wa pili la kuahirisha lipinge kwa adabu, ukiikumbusha mahakama siku zilizobaki. Andaa kila kitu kabla ya kufungua, si baada. Hukumu ikishatolewa, rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee, si kwa kubishana upya kama sakafu ilivunjika au la.

Wakikataa kulipa, utaomba utekelezaji. Mahakama yaweza kutoa hati kwa dalali wa mahakama akamate mali ya ofisi, au kuzuia fedha zilizo katika akaunti yao ya benki kwa kiasi cha deni. Kampuni yenye leseni, ofisi na wateja bandarini mara nyingi hulipa kabla dalali hajafika, kwa kuwa kukamatwa kwa meza na kompyuta mbele ya wateja ni fedheha wasiyoitaka.

Mkeo anaweza kusimama ikiwa wewe huwezi kufika, mradi umwidhinishe kwa maandishi na awe analijua shauri vizuri, maana mwamuzi atataka kuridhika kwamba mwakilishi ana ufahamu wa kutosha na uwezo wa kukubaliana kwa niaba yako. Hata ukisimama mwenyewe, yeye ni shahidi muhimu kwa sababu ndiye aliyelipa. Aandike maelezo yake na ayatie sahihi.

Hofu ya ajenti wako si ya kupuuzwa, lakini dawa yake haiwezi kuwa kusamehe mtaji. Mawakala wa meli hufanya kazi kwa leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Mombasa. Waandikie malalamiko, uambatanishe intachenji, ukurasa wa mienendo ya kontena na hesabu ya makato. Malalamiko hayo si shauri la mahakama, kwa hiyo hayakuzuii kufungua dai lako, na yanaweka kumbukumbu ya tarehe iwapo kontena lijalo litaguswa.

Kabla ya yote hayo, waandikie barua ya madai. Iwe fupi: taja nambari ya kontena, tarehe ya dipoziti, tarehe ya intachenji, kwamba mchoro hauna alama, kwamba lori lilikuwa langoni kabla ya siku za bure kwisha, na kwamba unataka shilingi 200,000 zote. Wape siku 14. Ipeleke kwa mkono katika anwani iliyosajiliwa, nakala yako igongwe muhuri wa kupokewa, na uitume pia kwa barua pepe. Wakikuletea zile 55,000 katikati ya siku hizo bila barua ya kukiri, zipokee na uwajibu siku hiyo hiyo kwa maandishi kwamba umezipokea kuwa sehemu ya deni na kwamba bado unadai 145,000. Wakikuletea pamoja na barua ile, irudishe barua bila sahihi na uendelee kuhesabu siku.